Chumvi ya Kiwanda cha Barafu

Mjukuu wangu Neema anajifunza ufundi wa friji huko Magogoni. Juzi alikuja nyumbani na wenzake watatu, wakakaa barazani, wakaniuliza sisi wa zamani tulikuwa tukigandisha barafu kwa kitu gani. Nikawaambia kwa chumvi. Wakatazamana. Mmoja wao, kijana mwenye adabu kabisa, aliinamisha uso ili nisimuone akicheka. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani nafanyiwa mzaha kwa kuwa ni mgeni niliyeteremka kutoka Rabai. Basi wanangu, nimeona niwaandikie, kwa sababu siku ile chai iliisha kabla ya maneno.

Kiwanda chetu kilikuwa Changamwe, jengo la mabati lenye sakafu isiyokauka kamwe. Niliingia mwishoni mwa miaka ya hamsini, nina mke na nguvu za mikono, na sijui lolote. Katikati ya jengo palikuwa na tangi la chuma kubwa kama chumba cha kulala, limejaa maji ya chumvi. Ndani ya maji hayo yalipita mabomba ya gesi ya baridi. Kisha tulitumbukiza madebe marefu ya bati yaliyojaa maji matamu ya mfereji. Mabomba yaliyapoza maji ya chumvi, maji ya chumvi yakayapoza madebe, mpaka maji matamu yakawa jiwe. Mtaniuliza, mbona maji ya tangi yenyewe hayakuganda? Hapo ndipo kazi ya chumvi. Maji matupu huganda upesi. Ukiyatia chumvi ya kutosha, yanaweza kuwa baridi kuliko barafu inayoyeyuka na bado yakapita katikati ya madebe kama maji ya mto.

Aliyenifundisha haya ni Fundi Athmani, mtu wa Kisauni, wa Mishomoroni, aliyekuwa akivuka daraja la Nyali la kuelea kila asubuhi na kupanda basi mpaka kwetu, kanzu yake imekunjwa ndani ya mfuko, na suruali ya kazi mwilini. Alikuwa mwembamba, msemaji wa polepole. Sikupata kumsikia akipaza sauti isipokuwa mara moja, na hiyo nitaisimulia.

Siku yangu ya kwanza nilishika ukingo wa debe lililotoka tangini kwa mkono uliolowa. Mkono ukagandana na bati. Nikataka kuuvuta kwa nguvu, Fundi akanishika kiwiko na kuniambia nitulie, nikiuvuta ngozi itabaki pale. Akachota kopo la maji ya mfereji akanimwagia taratibu mpaka kiganja kikaachia. Kesho yake nilikuta glovu kuukuu za turubai zimewekwa juu ya msumari wangu wa kutundikia shati.

Wiki hiyo hiyo nikajifanya mwerevu. Nilimwuliza kwa nini tajiri, mwenye kiwanda, ahangaike na magunia ya chumvi ilhali bahari ya Likoni iko pale, chumvi tele. Fundi alimwomba mama muuza chapati yai moja bichi, akapanga vikombe vitatu juu ya benchi: maji ya mfereji, maji ya bahari aliyoyatoa Kisauni kwenye chupa, na maji ya tangi. Kumbe alikuwa ameyabeba asubuhi akijua swali litakuja, kwa kuwa kila mgeni huliuliza. Yai lilizama katika kikombe cha kwanza. Likazama katika cha pili. Katika cha tatu likaelea, tumbo lake juu. Akaniambia bahari tunayoiona kali ulimini ni dhaifu mbele ya kazi ile, na kwamba ningeijaza ndani ya tangi ingeganda juu ya mabomba kabla ya maji ya madebe kuganda. Tulikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea, chenye mistari, alichokileta injinia Mzungu. Fundi alikiheshimu kipimo hicho, lakini yai lake hakuliacha. Alisema kioo huvunjika na kuku hutaga kila siku.

Mengi mengine aliyasema tukila. Kwamba khanga mpya ilowekwe kwanza katika maji ya chumvi ili rangi isikimbie. Kwamba punje chache za mchele ndani ya kopo la chumvi huizuia isishikane wakati wa mvua, kwa sababu unyevu wa hewani huufuata mchele. Kwamba muuza aiskrimu akitaka kugandisha maziwa yake huzungushia ndoo barafu iliyopondwa na chumvi. Chumvi huiyeyusha ile barafu, na katika kuyeyuka huko baridi huzidi badala ya kupungua. Hilo la mwisho sikulisadiki mpaka nilipolijaribu nyumbani kwa kipande nilichopewa, na mke wangu Kadzo akala maziwa magumu kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema yanauma meno.

"Chumvi haina uvivu," Fundi aliniambia siku moja. "Huwezi kuiweka mahali ikakaa tu. Ukiiweka penye nyama yatoa maji, ukiiweka penye barafu yaiyeyusha, ukiiweka penye chuma yala chuma. Kazi yako weye ni kujua saa hii iko wapi na yafanya nini."

Sasa niwasimulie aibu yangu ya kwanza, maana ya pili si ya kuchekesha.

Mpwa wake Fundi, naye mfanyakazi mwenzetu, alikuwa anaoa huko kwao, na sharbati ya harusi ikatakiwa barafu. Nilikabidhiwa kuchagua majiwe mawili mazuri. Kila debe ilibidi likaguliwe: unalijaza maji, unalisimamisha juu ya saruji kavu, unangoja uone kama chini panalowa. Nilikuwa na haraka, sikungoja. Debe moja lilikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano, na maji ya tangi yakaingia polepole. Barafu yenye chumvi hujulikana: haing'ai, ni nyeupe kama chokaa, na moyo wake ni uji. Niliiona kuwa nyeupe nikajiambia nyeupe ndiyo ya harusi.

Ilipondwa ndani ya sharbati ya ndimu na zafarani. Niliambiwa wazee wa upande wa bibi harusi walikunywa funda la kwanza, wakanyamaza kwa heshima, wakaweka bilauri chini mmoja mmoja. Ni bibi mmoja tu mkongwe aliyesema kwa sauti kwamba labda ndiyo desturi ya watu wa Mishomoroni.

Jumatatu Fundi alikuja na chupa ya sharbati ile ile. Alinimiminia kikombe kilichojaa, akakaa mbele yangu mpaka nikakimaliza. Halafu akanipeleka kwenye rundo la madebe na tukayakagua yote, moja moja, siku nzima. Lililovuja alinionyesha jinsi ya kulisugua mpaka ling'ae na kulilehemu. Tangu siku hiyo hakuna jiwe lililotoka mikononi mwangu bila kulilamba pembeni. Nililamba barafu miaka ishirini na zaidi, na hata leo ulimi wangu wajua maji ya chumvi kuliko macho yangu.

Aibu ya pili ilikuja miaka michache baadaye, masika ya mwisho kabla ya Uhuru. Wakati huo nilikuwa nimekwisha aminiwa. Kazi yangu ya Jumamosi alasiri ilikuwa mnyororo wa winchi, ule wa kuinulia madebe. Maji ya chumvi yalidondoka juu yake juma zima. Kwa hiyo unausuuza kwa maji matamu, pingili kwa pingili, unaukausha, unaupinda ili grisi iingie pale pingili zinaposuguana. Kazi ya saa mbili, chafu, ya kuchosha mgongo. Na Jumamosi alasiri ndipo kulipokuwa na mpira.

Mara ya kwanza niliiruka, hakuna kilichotokea. Mara ya pili nikapata njia: nilichovya kitambaa ndani ya grisi nikaupangusa juu juu, ukang'aa kama mpya. Dakika kumi tu. Nikafanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, na nilikuwa nikipita mbele ya Fundi nikimuaga kwa bashasha. Ninyi mnaosoma mtaniona mjinga. Sikuwa mjinga, nilijua kabisa kutu inakaa wapi. Nilichofanya ni kuifunika.

Ilikuwa asubuhi, tunainua safu ya madebe yaliyoiva. Nilikuwa chini yake, nimeshika kulabu. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu akivunja mfupa wa kuku, na papo hapo nikasikia sauti ya Fundi, ile mara moja niliyowaambia. Alilitaja jina langu. Kisha nikasukumwa kifuani nikaanguka ukutani. Nilipofumbua macho madebe yalikuwa yametapakaa sakafuni, na Fundi amekaa ameegemea tangi, jiwe la barafu zito kama watu wawili limelala juu ya mguu wake wa kushoto. Tulilisukuma watu wanne. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, mahali pawili. Alikuwa akitoa shahada kwa sauti ndogo, na katikati yake akaniuliza kama nimeumia.

Walipomchukua hospitali niliuokota mnyororo. Pingili iliyokatika ilikuwa imeliwa kwa ndani mpaka ikabaki nyembamba kama msumari. Kwa nje grisi yangu bado iling'aa.

Injinia alikuja kukagua, akataka kujua mnyororo ule uko chini ya mkono wa nani. Mimi nilikuwepo. Nilifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Kadzo alikuwa amejifungua wiki tatu tu, na kazi Changamwe hazikuwa zikiokotwa. Injinia akaenda hospitali kumwuliza Fundi mwenyewe, na Fundi akamjibu kwamba kila kitu kilichoko kwenye winchi ni chake. Basi ikaandikwa hivyo. Habari hiyo ilinifikia saa sita mchana, nikashindwa kula.

Nilidhani adhabu yangu itakuwa moyoni tu. Kumbe tangi nalo lilikuwa linaningoja. Fundi hayupo, kazi ya maji ya chumvi ikawa yangu, na mvua ya masika ilikuwa inavuja paani moja kwa moja ndani ya tangi. Maji matamu yakaizidi chumvi. Kidogo kidogo mabomba yakavaa koti la barafu, na koti hilo likazuia baridi isitoke. Madebe yakatoka na uji. Wauza samaki waliokuja na mikokoteni wakarudi mikono mitupu, na samaki hangoji. Nikafanya lililonijia kichwani, nikamwaga magunia mawili ya chumvi kwa mpigo. Haikuyeyuka. Iliteremka ikajenga kilima sakafuni mwa tangi, na pangaboi dogo la kuyazungusha maji likakwama ndani ya kilima hicho. Sasa nilikuwa na mashine isiyogandisha kitu, na tajiri amesimama mlangoni ananitazama.

Jumapili nikavuka kwenda Mishomoroni. Fundi alikuwa ameletwa nyumbani, amelala juu ya kitanda cha kamba uani, mguu ndani ya plasta umewekwa juu ya mto. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha kana kwamba nimemletea zawadi. Mkewe, Bi Mwanaisha, akaniletea uji na mahamri. Nilianza na habari za tangi kwa sababu ndizo zilizokuwa nyepesi. Alinisikiliza, akaagiza beseni, chumvi ya jikoni na kitambaa. Akanifanya nimwage konzi ya chumvi ndani ya beseni nione ilivyotuama. Kisha akanifanya nifunge konzi nyingine ndani ya kitambaa nikitundike kikizama kidogo majini. Tukatazama nyuzi zake zikiteremka kama moshi uliopinduliwa, mpaka kitambaa kikabaki kitupu.

"Yataka kuning'inia," akasema. "Maji yaliyoshiba chumvi ni mazito, yashuka yenyewe, na mepesi yapanda kuchukua nafasi yake. Weye uliizika, ikajifunika kwa uzito wake. Na usipitilize, kuna mahali maji hukataa, na kinachozidi ni uchafu."

Nilipaswa kuondoka hapo, kazi yangu imekwisha. Badala yake nikamwambia. Nilimwambia mpira, kitambaa, Jumamosi zote, na jinsi nilivyosimama mbele ya injinia mdomo wazi. Sikumtazama. Nilitazama beseni.

Bi Mwanaisha, aliyekuwa akipeta mchele pembeni, aliacha kupeta.

"Nalijua," akasema Fundi. "Ijumaa kabla ya siku ile niliupinda mnyororo kwa mkono, nikasikia ndani kukavu. Nikajisemea nitaubadilisha wiki ijayo, nimechoka, nataka kuwahi basi. Jumatatu nikasahau. Kwa hiyo, Kazungu, nilipomwambia yule injinia Mzungu kuwa mnyororo ni wangu, sikusema uongo. Niliuona, na mimi ndiye mkubwa."

Nikamwambia mguu ni wake lakini kosa ni langu. Akajibu kwamba mimi nina mke na mtoto mchanga, na yeye ana mguu mwingine. Bi Mwanaisha hakuchekeshwa na hilo. Alisema, bila kunitazama, kwamba anayelala pale kwa maumivu ni mumewe na si maneno ya watu wawili wapole. Kisha akarudi kupeta. Nilimwomba radhi naye pia. Ilimchukua mwaka kunijibu, na alinijibu kwa kumpa mwanangu jina la utani, na jina hilo analo mpaka leo, mtu mzima mwenye mvi.

Jumatatu tulizima mashine, tukayaacha mabomba yavue koti lake, nikaingia mwenyewe ndani ya tangi na jembe kukibomoa kile kilima cha chumvi. Kama una mchubuko wowote mwilini, ndani ya maji yale utaujua ulipo. Tukaziba paa. Tukatundika magunia matatu mbele ya pangaboi, na kila asubuhi nikaweka yai. Siku ya nne liliinua mgongo. Siku ya sita nikatoa jiwe safi, limeangaza mwanzo hadi mwisho, na uzi mmoja tu mweupe katikati. Nilikata kipande, nikakifunga kwa unga wa mbao na gunia, nikapanda nacho basi, nikavuka nacho daraja. Nilipofika Mishomoroni kilikuwa kimebaki ukubwa wa tofali. Fundi alikishika kwa mikono yote miwili, akakitazama dhidi ya mwangaza wa uani, kisha akakilamba. Alikilamba mara mbili. Akampa Bi Mwanaisha, akasema akitie ndani ya maji ya kunywa.

Alirudi kazini wiki chache kabla ya Uhuru, anatembea kwa fimbo, mguu wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia. Kiwanda kilikuwa hakipumui. Kila duka lilitaka barafu ya soda kwa ajili ya sherehe. Injinia alikuwa anafunga mizigo kwenda kwao. Tajiri wetu akamwita Fundi ofisini, nami nikaitwa kubeba vitabu vya mashine, na mbele yangu akamwuliza nani akabidhiwe tangi na mabomba, kwa kuwa yeye Fundi hawezi tena kupanda ngazi. Kulikuwa na watu watatu walionizidi miaka ya kazi, na mmoja wao alikuwa yule mpwa wake wa harusi ya sharbati.

Fundi akasema apewe Kazungu. Tajiri akasita. Ndipo Fundi akamweleza kisa chote cha mnyororo, sehemu yangu na sehemu yake, bila kupunguza. Nilitaka sakafu inimeze. Tajiri akavua miwani, akamwuliza sasa anawezaje kumkabidhi mashine mtu wa namna hiyo.

"Hao wengine ni watu wazuri," Fundi akamjibu. "Lakini sijui wakikosea watakuwaje. Huyu nimeshamwona."

Nikapewa funguo. Nilizishika mpaka kiwanda kilipofungwa, watu waliponunua friji zao na wauza samaki walipopata mashine mpya. Kwa miaka yote hiyo mnyororo haukukatika tena, na Jumamosi alasiri sikuona mpira hata mmoja. Kila nilichowajengea wanangu kilitoka katika jibu lile la ofisini.

Fundi Athmani alifariki akiwa mzee sana. Nilipata habari asubuhi, nikavuka. Mimi ni Mkristo, sikujua nisimame wapi, nikabaki nyuma karibu na ukuta. Jeneza lilipotoka watu walipokezana kulibeba, bega kwa bega, mbio mbio, kama ilivyo desturi yao. Nikajikuta nimesogea mpaka karibu. Kijana mmoja akanizuia kwa adabu, akauliza huyu mzee ni nani wa marehemu. Mpwa wa Fundi, yule yule wa harusi, aligeuka akaniona.

"Ni wa kiwandani," akasema. "Mpisheni ashike."